Kulia au Kushoto? Hesabu za Kuuzunguka Longonot

Jumamosi yoyote ya kiangazi, mwendo wa saa nne asubuhi, ukingo wa mlima Longonot hujaa watu. Makundi yaliyotoka Nairobi yamemaliza mpando wa kwanza. Wengine wameketi chini wakikung'uta vumbi viatuni, mmoja anagawa mayai ya kuchemsha, mwingine ameinua simu juu akitafuta mtandao ili picha ziende. Mbele yao ardhi imetumbukia: kasoko yenye upana wa karibu kilomita 2, kuta zake wima, sakafu yake msitu wa kijani kama shamba lililosahauliwa ndani ya chungu. Halafu mtu mmoja anauliza, tunaanzia kulia au kushoto? Wanaopiga kelele zaidi wanashinda, na kundi linaondoka.

Uamuzi mzito kuliko yote ya siku hiyo umepitishwa kwa nusu dakika.

Longonot si mlima wa kutisha. Kilele chake kina mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na lango la hifadhi lipo kwenye mita 2,150 hivi, kwa hiyo anayeanzia langoni hupanda mita 626 tu akihesabu kutoka sehemu ya chini hadi ya juu. Hakuna kamba, hakuna barafu, wala hakuna usiku wa kulala hemani. Ni mlima wa wastani, unaopandwa na wanafunzi wa shule, wachumba, vikundi vya kanisa na wazee wenye magoti ya kutegemewa. Lakini una tabia moja inayoutofautisha na milima ya kwenda na kurudi: ni njia ya mzunguko. Mzunguko una hesabu zake, na asiyezijua huzijua saa tisa alasiri akiwa upande wa mbali wa ukingo, chupa ikiwa tupu.

Ukichorwa kwenye karatasi, mwendo wa Longonot unafanana na pipi ya kijiti. Kijiti ni njia ya kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingoni. Pipi yenyewe ni ukingo, ambao mzingo wake ni kilomita 7.2. Anayefanya safari nzima hupanda kijiti, huzunguka pipi, kisha hushuka kijiti kilekile: jumla kilomita 13.4. Kwenye barabara ya lami huo ni mwendo wa asubuhi moja bila jasho kubwa. Mlimani kilomita peke yake haisemi kitu.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith aliandika kanuni fupi ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vya sasa inasema hivi: kwa kila kilomita 5 weka muda wa saa moja, kisha ongeza saa moja nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Longonot, kilomita 13.4 zinadai saa mbili na dakika 40. Mpando wa kutoka langoni hadi kileleni ni mita 626, lakini ukingo haukunyooka. Unashuka na kupanda mara nyingi, na mtu mwangalifu ataongeza kama mita 200 kwa ajili ya vilima hivyo. Hapo inapatikana saa moja na dakika 20 zaidi. Jumla, saa nne kamili.

Naismith, hata hivyo, alikuwa anawahesabia watu wazima wenye afya wanaotembea bila kusimama. Hakuhesabu picha, chakula, kungojana, wala jivu la volkeno linalorudisha mguu nyuma nusu hatua kwa kila hatua. Kundi la kawaida la mjini lijipangie saa tano na nusu hadi sita. Likimaliza mapema, hakuna aliyekasirika.

Sasa hesabu hiyo iwekwe kwenye saa ya ukutani. Anayeanza kupanda saa moja asubuhi atakuwa langoni tena kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Anayeanza saa nne, kwa sababu kundi lilikutana Nairobi saa moja, likangoja wawili waliochelewa, likasimama kunywa chai kwenye mtelemko wa Bonde la Ufa, atarudi saa tisa na nusu au saa kumi. Tofauti ya saa tatu inaonekana ndogo. Ndani yake, hata hivyo, mna jua la saa saba, radi za alasiri, na kitu ambacho wengi hawakifikirii kabisa: mwanga wa kulitazamia ziwa.

Maana wengi wanaopanda Longonot wanalifuata ziwa Naivasha. Liko kaskazini-magharibi mwa mlima, kwenye mita 1,890 hivi, na kutoka ukingoni linaonekana kama sinia lililowekwa chini ya milima ya Mau. Jina lake ni la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka, na anayeliona kwa mara ya kwanza likiwa shwari huenda asiamini, mpaka upepo wa alasiri uanze. Ni ziwa la ajabu kidogo katika ukanda huu wa Bonde la Ufa wenye maziwa ya magadi kama Nakuru, Elementaita na Magadi lenyewe: maji ya Naivasha ni matamu, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka ndani yake. Maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Kwa kuwa ni matamu, pembezoni mwake pametapakaa mashamba ya maua, na kutoka juu mabanda yake ya plastiki hung'aa kiasi cha kumfanya mgeni adhani ameona ziwa la pili. Upande wa kushoto wa ziwa, nyuma ya vilima vya Hell's Gate, nguzo nyeupe za mvuke zinapanda kutoka Olkaria, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981.

Mandhari hayo yana saa yake. Asubuhi jua liko mashariki, nyuma ya mgongo wa anayetazama ziwa, na mwanga unapiga maji, mashamba na kuta za Mau moja kwa moja. Rangi zinajitokeza. Baada ya adhuhuri jua linahamia upande wa ziwa lenyewe. Mtazamaji anakodoa macho, vumbi na ukungu wa joto vimejaa bondeni, na kile kilichokuwa ziwa kinageuka kuwa mng'ao usio na mipaka. Simu ya bei yoyote haitaokoa picha hiyo.

Kwa hiyo, kulia au kushoto?

Anayefika ukingoni kwa njia ya kawaida hutokea upande wa kaskazini wa kasoko. Kulia kwake ni magharibi, na huko ndiko kiliko kilele kinachoitwa Kilele Ngamia. Akielekea kulia, kasoko inakuwa mkono wa kushoto na ziwa linakuwa mkono wa kulia, chini kabisa, likimsindikiza tangu hatua za mwanzo. Mpando mkali wa kileleni unamkuta miguu ikiwa bado na nguvu, na anaufikia kabla hajamaliza nusu ya mzunguko. Akielekea kushoto, anaanza na sehemu za chini za ukingo, misuli inapata moto taratibu, lakini mpando mkubwa na ziwa vinakuja mwishoni, wakati nguvu na mwanga vyote vinapungua.

Wapo wanaopenda kushoto, na sababu zao zina uzito: magoti mengine hayataki mpando mkali mapema. Ila kuna hoja moja ya kulia ambayo ni vigumu kuipangua. Katika njia ya kwenda na kurudi, mtu aliyechoka anaweza kugeuka wakati wowote, na kila hatua ya kurudi inampeleka nyumbani kwa njia anayoijua. Katika mzunguko, ruhusa hiyo ina ukomo. Kwenye ukingo wa kilomita 7.2, kilomita 3.6 ndiyo mizani: kabla yake kurudi ni kufupi, baada yake kuendelea ni kufupi. Katikati hakuna njia ya mkato. Ndani ni kuta za kasoko, na nje ni makorongo yaliyochimbwa na mvua kwenye jivu laini, mengine yakiwa na kina kinachomzidi mtu kimo. Anayeanzia kulia anakuwa ameliona ziwa na amekanyaga kilele wakati bado anayo haki ya kugeuka. Anayeanzia kushoto hufika kwenye mizani akiwa hajapata hata kimoja, na hapo ndipo watu wanapojilazimisha.

Basi mpango mzuri wa Longonot huanzia kwenye njia panda hiyo ya ukingoni, kisha unarudi nyuma mpaka saa ya kuamka. Kabla ya safari kundi likubaliane masharti ya kuzunguka, na yatajwe kwa namba, maana hisia za saa hiyo hazifai kutegemewa. Mfano: iwapo kijiti cha kilomita 3.1 kimechukua zaidi ya saa moja na nusu, au iwapo adhuhuri imeshafika, au iwapo yeyote amebakiwa na maji chini ya lita moja na nusu, hakuna mzunguko. Kundi linatembea nusu saa kuelekea kulia, linakaa mahali pazuri juu ya ziwa, linakula, linarudi. Hakuna aliyeshindwa hapo. Ziwa wameliona, tena kwa utulivu kuliko wale wanaopita mbio wakihesabu dakika.

Kuna sharti jingine, la kufuata mwendo wa aliye polepole zaidi, nalo linastahili kusisitizwa zaidi ya mengine, kwa sababu ndilo linalovunjwa kila wiki. Kundi la watu kumi na wawili halitembei kwa wastani wa watu kumi na wawili; linatembea kwa mwendo wa yule mmoja wa nyuma. Huyo ndiye anayewafikia wenzake wakiwa wamekwisha pumzika dakika kumi, na mara tu anapoketi wao wanasimama: twende. Yeye, aliyekuwa na haja kubwa ya kupumzika, hapumziki kamwe. Dawa yake ni rahisi, awekwe mbele.

Maji hayapo mlimani. Hakuna chemchemi wala kibanda cha soda baada ya lango, na kivuli ukingoni ni cha kuokoteza. Lita mbili kwa mtu ndiyo kima cha chini, tatu kwa siku ya jua kali. Kila lita ina uzito wa kilo moja, na ndiyo maana wengi hudanganyika langoni na kuacha chupa moja garini. Chakula kiwe kile ambacho tumbo linakifahamu: ndizi, njugu, chapati iliyoviringishwa na yai. Mlima si mahali pa kujaribia biskuti mpya za kuongeza nguvu.

Kuhusu hewa, msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam asome aya hii kwa makini kuliko mwenzake wa Nakuru. Kileleni kanieneo ya hewa ni kama asilimia 72 ya ile ya pwani, yaani kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kuhesabiwa kutoka mita 2,500, hivyo Longonot inagusa tu mstari huo, na kwa saa chache. Mkazi wa Nairobi, anayelala kwenye mita 1,700 hivi, hataona tofauti kubwa. Aliyeshuka basi kutoka pwani usiku uleule anaweza kuumwa kichwa na kuhema kuliko anavyotarajia. Usiku mmoja Nairobi au Naivasha kabla ya kupanda humsaidia. Jua nalo hupanda na mtu: kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale inayounguza ngozi kwa karibu asilimia 10, na ubaridi wa upepo huficha jambo hilo mpaka jioni shingo ianze kuwaka.

Vumbi la Longonot lina historia. Ni jivu na mawe mepesi ya volkeno. Mlima mkubwa zaidi uliokuwapo hapa uliporomoka zamani, inakadiriwa miaka 21,000 iliyopita, ukaacha kaldera pana. Mlima wa leo ulikua ndani ya magofu hayo. Masimulizi ya Wamaasai yanaweka mlipuko wa mwisho katika miaka ya 1860, jana tu kwa kalenda ya volkeno. Jina lenyewe ni lao, Oloonong'ot, mlima wa matuta mengi, na hakuna jina la mlima Afrika Mashariki lililotolewa na mtu aliyekuwa anatazama kwa makini zaidi. Msafiri Joseph Thomson alipofika ukingoni miaka ya 1880, alisimulia baadaye kwamba shimo lile lilimvuta kiasi cha kumtia tamaa ya kichaa ya kujitupa ndani. Matundu ya mvuke bado yanafuka kwenye kuta zake. Hata volkeno yenyewe haijatulia kabisa: vipimo vya rada kutoka setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 ardhi yake iliinuka kwa sentimita 9 hivi, bila aliyekuwa juu kuhisi lolote.

Jivu hilo ndilo linaloamua viatu. Siku kavu linateleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni, hasa wakati wa kushuka, na raba zilizoisha soli hugeuka kuwa viatu vya kuserereka. Siku ya mvua linakuwa tope la kunata, na makorongo yanayotumika kama njia yanakuwa mifereji. Hivyo Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuchagua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ina siku zake nzuri, lakini mtu asiiwekee dau. Leso au barakoa ya kuziba pua si mapambo. Anayetembea wa sita katika mstari hula vumbi la watano.

Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, maana misuli ya paja hufanya kazi ya breki. Fimbo mbili hupunguza mzigo huo. Hata bakora moja ya kijijini inafaa. Kucha zikatwe usiku uliotangulia. Hili linachekesha mpaka siku dole gumba linapogonga ncha ya kiatu kwa kilomita tatu mfululizo.

Ukingo ni mahali pa wazi, na mtu aliyesimama juu yake ndiye kitu kirefu kuliko vyote karibu naye. Alasiri za mvua radi si hadithi. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu; mwale ukionekana na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na ukingo si mahali pa kukaa. Aliyeanza saa moja asubuhi kwa kawaida yuko chini tayari.

Wanyama nao wapo, kwa kuwa hii ni hifadhi ya taifa tangu 1983, yenye kilomita za mraba 52 chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Twiga na pundamilia huonekana karibu na lango, swala kwenye nyika za chini. Wa kuogopwa ni nyati, hasa dume mzee aliyejitenga kwenye vichaka vya leleshwa. Wapandaji watembee pamoja, wasikate vichaka kutafuta njia fupi, na anayependa kuamka alfajiri aulize langoni kuhusu kufuatana na askari wa hifadhi. Moto ni mwiko: Machi 2009 moto ulisambaa hadi ndani ya kasoko na kuwanasa wanyama waliokuwa humo.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mtu anayesoma tangazo kwa saa za Kizungu aangalie asichanganye. Yupo aliyewahi kufika saa sita mchana kwa sababu aliona namba sita. Kiingilio hulipwa kwa mfumo wa serikali wa eCitizen, na viwango hubadilika, hivyo heri kulipa nyumbani kwenye mtandao mzuri kuliko kupanga foleni langoni simu ikizungukazunguka.

Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi kwa barabara ya chini inayopita Mai Mahiu, kando ya kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Barabara hiyo nayo ni sehemu ya mpango, maana mtelemko wake una malori mengi, kona kali na, jioni za mvua, ukungu. Kundi lililomaliza mlima saa saba linapata muda wa kuoga, kula samaki Naivasha na kupita kwenye kona hizo kukiwa bado mchana. Lile la saa kumi, likifanya hayo hayo, linazipanda gizani nyuma ya lori la mchanga, dereva naye akiwa ndiye yule aliyebeba begi la watu wawili kuzunguka ukingo, huku abiria wote wamelala vinywa wazi.